Sumaku ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza kabla ya wakati wake, na bati la karakana limeanza kuvuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya meza ya pasi. Mwaka jana shemeji alisema ataliziba. Mwaka juzi pia alisema.

Naandika kwa sababu tuko watu watano humu ndani, nami ni mmojawapo, na sioni wa kuzungumza naye. Mwenye karakana ni mdogo wangu. Ana akili sana, ila zote alizimalizia kwenye biashara, hakubakiza hata chembe ya kuchagulia mume. Mume mwenyewe ndiye huyo shemeji. Aliendesha pampu ya maji ya mji miaka kumi na tisa, mpaka walipoleta mashine isiyohitaji mtu, na tangu hapo anashinda kwetu akijiita mtu wa ufundi. Washonaji wako wawili. Mmoja namwita Kicheko, maana uzi ukikatika anacheka, usipokatika anacheka. Wa pili namwita Kimya. Anaingia, anasalimia, anashona, anaaga. Miaka sita hivyohivyo. Wengine wanasema ni mpole. Mimi nasema mtu asiye na la kusema hana pia la kufikiri.

Mimi ndiye mkata nguo. Mwaka wa thelathini na moja huu.

Tumepata kazi ya hospitali ya wazazi: vigauni mia sita vya watoto wachanga, flaneli nyeupe, tunavipeleka kidogokidogo mpaka viishe. Mdogo wangu amefurahi mpaka amenunua kufuli jipya la mlango.

Sindano nazitunza mimi. Kwetu mshonaji akivunja sindano hapewi nyingine mpaka alete vipande vyote viwili, niviunganishe mbele yake juu ya kitambaa cheusi, nihakikishe hakuna kilichobaki kwenye nguo. Kisha naandika kwenye daftari. Sheria hiyo niliileta mimi, karakana nyingine hawana. Wala vipande situpi. Vile vyenye ncha naviweka kwenye kopo la rangi ya viatu, navitumia kubania karatasi za vipimo kwenye kitambaa ninapokata. Pini zenye vichwa ni za wanaojifunza. Mkasi unaziruka, mstari unapinda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kicheko amechelewa, eti tope. Tope hilohilo mimi nimelipita na miguu hiihii.

Ijumaa, 7 Machi

Matroni wa hospitali amekuja mwenyewe. Viatu vimelowa, kiti hakutaka. Alikunjua karatasi juu ya meza yangu, ndani yake mlikuwa na nusu ya sindano, ile yenye ncha.

"Hii imetoka kwenye pindo la kigauni chenu," alisema. "Mama alikuwa anamvisha mwanawe. Mtoto ana siku mbili duniani."

Mdogo wangu alishika ukingo wa meza. Akauliza mtoto ameumia kiasi gani.

"Mchubuko wa paja. Safari hii ni paja, mama. Siku nyingine itakuwa jicho. Nikipata kipande kingine, hata kimoja, kazi nawapa wengine, na kila atakayeniuliza nitamwambia kwa nini."

Nilimfungulia daftari la sindano. Nilimwonyesha kila sindano iliyovunjika tangu Januari, vipande viwili, vipande viwili, na saini yangu. Aliusoma ukurasa mzima kwa utulivu, halafu akauliza, "Basi hiki kimetoka wapi?"

Swali la mtu asiyejua kazi. Hata hivyo nilikitwaa kigauni chenyewe, alichokuja nacho, nikatazama shingoni. Kila mshonaji wetu anaweka mshono mmoja wa alama ndani ya shingo ya nguo, Kicheko mwekundu, Kimya wa buluu. Kigauni kile kilikuwa na buluu. Nilimtazama Kimya. Alikuwa ameinamisha kichwa, anashona.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amepata ufumbuzi. Nilijua atapata, mtu asiye na kazi hakosi ufumbuzi. Anataka sumaku: ndefu, nyembamba, ipitishwe juu ya kila kigauni kabla hakijatoka. Wazo si baya, angelisema mtu mwingine. Alianza kwa kufungua redio ya nyumbani, akatoa sumaku ya spika, duara nene kama kitumbua. Ilikuwa inakwama kwenye flaneli, basi akaamua kuikata kwa msumeno iwe nyembamba. Ikampasukia mikononi vipande vinne. Sasa hawana sumaku inayofaa wala redio.

"Si kitu," alisema. "Nitatengeneza yangu. Umeme ukizunguka chuma, chuma kinageuka sumaku."

"Na redio ikizungukwa na mjinga inageuka nini?" nilimuuliza. Kicheko alicheka, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sababu.

Jumatatu, 10 Machi

Ameleta betri ya gari kwenye toroli, kaifunika kwa nailoni kama mgonjwa. Ameleta na waya wa shaba alioutoa kwenye feni iliyoungua. Kauzungushia msumari wa inchi sita, kaunganisha na betri, na msumari ukanyanyua sindano saba. Alitutazama mmoja mmoja kama aliyetuzaa. Kisha akatoa waya kwenye betri, sindano zote saba zikaanguka.

"Kwa hiyo mshonaji atembee na betri kichwani," nilisema.

Alikuna kidevu. "Msumari ni chuma laini, shemeji. Umeme ukiondoka kinasahau. Chuma kigumu ndicho kinachokumbuka."

Chuma kinakumbuka. Bati la juu ya pasi hakumbuki mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimekata mikono themanini.

Alhamisi, 13 Machi

Leo shemeji kajaribu kipande cha nondo. Kimeshika sindano mbili kwa shida, na nilipokigonga ukutani kikabaki na moja. Mdogo wangu anamletea chai palepale chini alipokaa. Ningekuwa mimi mke wake ningemletea barua ya kuombea kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Kimepatikana cha pili. Kicheko alikuwa anapiga pasi kigauni kilichokwisha, akahisi kitu kinakwaruza chini ya pasi. Nusu ya sindano, yenye ncha, kwenye mshono wa ubavu. Shingoni uzi wa buluu.

Mdogo wangu alimwita Kimya kwa upole, akamuuliza kama amevunja sindano akaogopa kusema.

"Zote nilizovunja nimemkabidhi fundi," alisema Kimya. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema kwa wakati mmoja.

Niliguna tu.

Jumanne, 18 Machi

Shemeji kaja na tupa. Tupa ya zamani ya kunolea mapanga, meno yameisha, ndefu kama mkono wa mtoto. Anasema chuma cha tupa ni kigumu kuliko vyote alivyojaribu, kikishaingiwa na usumaku hakiuachi. Kaviringisha karatasi ngumu kuizunguka, juu yake waya, mzunguko baada ya mzunguko, tangu asubuhi mpaka saa nane. Waya wa feni ukaisha katikati. Akaunga mwingine, akaendelea kutokea upande wa pili, juu ya mzunguko wa kwanza.

Hapo nikaona. Nimezungusha nyuzi maisha yangu yote, siwezi kukosa kuona. Nusu ya kwanza aliizungusha kwenda kulia. Baada ya kuunga aliigeuza tupa mkononi, akazungusha kwenda kushoto. Sijui umeme, lakini najua kwamba ukizungusha uzi kulia kisha kushoto kazi ya kwanza inafutwa na ya pili.

Sikusema. Nilikaa na mkasi wangu nikamtazama anavyojisumbua. Kwa kweli ni siku nzuri kuliko zote tangu mvua ianze.

Jumatano, 19 Machi

Betri, cheche, moshi kidogo. Tupa haikunyanyua hata unyoya. Alihesabu sekunde kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akatoa waya, akaigusisha sindano. Sindano ikalala palepale. Akarudia mara kumi na moja. Nilihesabu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo Kimya ameondolewa.

Mdogo wangu hakulala, ilionekana usoni. Alisema hana njia nyingine, Matroni atakuja Jumanne ya tarehe mosi kukagua shehena, na vipande vyote viwili vilikuwa na uzi wa buluu. Alisema atamlipa mwezi mzima. Alisema pia, na hili alilisema akitazama dirishani, kwamba karakana nyingine zikimuuliza hataweza kudanganya.

Kimya alisimama. Alikunja kitambaa chake cha mapajani mara nne. Kisha akanigeukia mimi, si bosi wake.

"Fundi, fungua daftari."

"Daftari halioni ndani ya pindo, mama," nilimjibu.

"Nakuomba ulifungue. Soma sindano zangu."

"Kaka, wewe unaonaje?" mdogo wangu aliniuliza. "Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya."

Nilisema, "Uzi wa buluu hausemi uongo."

Akaondoka. Hakulia wala hakufunga mlango kwa kishindo. Kicheko hakucheka siku nzima. Shemeji aliinama juu ya waya wake na mara mbili nilimwona akifuta macho, akasingizia moshi. Mtu mzima. Kama angekuwa anajua kuzungusha waya pengine yasingetufika haya.

Jumatatu, 24 Machi

Shemeji kaungua vidole viwili. Waya ulipata moto akausahau mkononi. Mdogo wangu kamfunga kitambaa, kasema aache sasa, watakagua kwa mikono. Shemeji akasema, "Niachie siku mbili. Nikishindwa nitairudisha betri, sitazungumza tena."

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivutia.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Tupa haishiki. Ndoo chini ya bati imejaa mara tatu. Kazi ya Kimya imeangukia kwa Kicheko, na nimegundua kwamba Kimya alikuwa anashona mara mbili yake. Ndiyo maana nyuzi za buluu zilikuwa nyingi. Sikuwahi kuhesabu.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimemwambia shemeji. Naandika sababu ya kweli, kwa kuwa humu hasomi mtu: si kwa huruma. Alikuwa anamweleza Kicheko, kwa sauti ya mwalimu, kwamba pengine betri imezeeka, pengine hewa ina unyevu, pengine tupa ni ya kiwanda kibaya. Nilichoka kusikia.

"Shemeji," nilisema, "umezungusha nusu kulia na nusu kushoto. Hata msichana wa kwanza kushika uzi asingefanya hivyo."

Aliufuata waya wake kwa kidole mpaka pale alipouunga. Kisha akajipiga paji la uso kwa kile kiganja chenye vidole vizima. Hakukasirika. Akaufumua wote, akauzungusha upya, kulia mpaka mwisho, mimi nikiwa nimemsimamia kichwani kama mtihani. Kwenye saa tisa alaasiri akaunganisha betri, sekunde tatu, huku anaigonga tupa polepole kwa mpini wa kijiko. Akatoa waya. Akarudia mara tano. Akaichomoa tupa kwenye karatasi yake, akaenda nayo kwenye kopo langu la vipande.

Vilirukia. Sina neno jingine. Vilikwea kwenye ile tupa vikasimama wima.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji alinishika mkono, akautikisa, akasema, "Ni ya kwetu wawili hii." Niliurudisha mkono wangu. Kosa la mtoto nimemsahihisha, basi, si zaidi ya hapo.

Alhamisi, 27 Machi

Tumepitisha sumaku juu ya vigauni mia moja na arobaini. Imetoa vipande viwili, vyote vyenye ncha, vyote kwenye uzi wa buluu. Unasikia mlio mdogo, tik, kama kucha kwenye sahani, na kitambaa kinainuka kidogo.

"Nilifanya sawa basi," mdogo wangu alisema. Alitaka mtu amkubalie. Nilimkubalia.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano asubuhi. Mdogo wangu na Kicheko wamekwenda kununua uzi. Mvua inanyesha. Mimi nakata, shemeji anatembea na tupa yake. Tangu jana anaipitisha juu ya kila kitu: kiti, takataka za kufagia, kofia yake mwenyewe. Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia aipitishe na juu ya kichwa chake, huenda imo skrubu iliyolegea. Akacheka naye. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, ukimtukana anacheka nawe.

Akafika kwenye meza yangu. Pale pembeni kulikuwa na rundo la vipande vya mbele, nilivyokata asubuhi ileile, chaki bado ukingoni.

"Hivyo havijashonwa, shemeji," nilisema. "Havijaonana na cherehani. Unatafuta nini?"

"Naijaribu tu."

Akapitisha kimoja, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne tukasikia ile tik.

Alikiinua kitambaa. Nusu ya sindano ilikuwa imelala ndani ya manyoya ya flaneli, haionekani kwa jicho, na sasa ncha yake imetoboa ikatokeza upande wa tupa. Aliitazama. Akatazama karatasi ya kipimo niliyokuwa nimeibania kwenye kitambaa kingine, vipande vya sindano vimechomekwa kuizunguka, bila vichwa, vimezama nusu. Akatazama kopo. Lilikuwa wazi.

Nilisubiri azungumze. Mtu huyu anaweza kuzungumzia vali ya pampu saa nzima. Alikichomoa kile kipande, akakiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kwa mkono wake wenye kitambaa.

"Hiki ni chako, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaenda dirishani, akanipa kisogo, akawa anaifuta tupa kwa kitambaa chenye mafuta. Aliifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Nilikaa kwenye kiti cha Kimya, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Halafu nilifungua daftari. Tangu Januari zimevunjika sindano ishirini na tatu. Kopo hili nililianza Januari, la zamani lilipojaa; maana yake ncha ishirini na tatu zimeingia humo. Nilivimwaga vilivyomo koponi juu ya kitambaa cheusi, nikaongeza na vile vilivyobania karatasi, nikahesabu. Kumi na nane. Nikahesabu tena, kumi na nane. Kimoja alikuja nacho Matroni. Kimoja cha Kicheko kwenye pasi. Viwili vya jana. Kimoja hiki kiganjani. Vitano.

Hesabu yangu imekamilika, haikosi hata kimoja. Niliitunza vizuri mno.

Kati ya sindano ishirini na tatu, kumi na tatu zilikuwa za Kimya. Zote vipande viwili. Aliniletea kila kipande, mkononi, nami nikavirudisha kwenye nguo za watoto kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu pini zenye vichwa ni za wanaojifunza.

Jumamosi, 29 Machi

Shemeji hakumwambia mkewe. Nilimwona mdogo wangu usoni, hajui. Shemeji alikuja asubuhi na ngazi na lami, akapanda kuziba bati mvuani. Bado linavuja, sasa linavujia kwenye kiti changu. Alinisalimia kama kila siku. Nilitaka aseme, anitangaze, ajitape, ili nipate kumchukia vizuri kama zamani. Hanipi nafasi hiyo.

Kopo nimelimwaga kwenye shimo la choo. Nimenunua pini zenye vichwa, paketi tatu.

Jumapili, 30 Machi

Nikinyamaza hakuna litakaloharibika. Sumaku ipo. Vigauni vitatoka safi, Matroni ataridhika, kazi itaendelea. Mdogo wangu hatakosa usingizi. Jina langu la miaka thelathini na moja litabaki. Shemeji atanyamaza, hilo nina hakika nalo. Nimeyaandika yote haya yakae pamoja niyaone, na nikiyasoma nasikia sauti ya shemeji akimweleza Kicheko kwamba pengine hewa ina unyevu.

Halafu kuna zile siku nane. Niliona waya umezungushwa vibaya tarehe kumi na nane, nikasema tarehe ishirini na sita. Kimya aliondolewa tarehe ishirini na moja. Ningefungua mdomo siku ileile, sumaku ingefika kwenye meza yangu kabla yeye hajakunja kitambaa chake. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafurahi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia mdogo wangu, mbele ya mumewe na Kicheko. Alikuwa anashona kifungo. Alikimaliza, akakata uzi kwa meno.

"Kaka, ulikuwa umesimama pale nilipomwondoa."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza unaonaje."

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

Nilirudia nilichosema, neno kwa neno. Hakunitukana. Aliniambia tu nimlete Kimya, na nisirudi peke yangu.

Nilimwambia na shemeji habari ya waya, kwamba niliona siku ya kwanza. Alikuwa anakunja nyaya za betri. "Nilidhani hivyo," alisema. "Mtu kama wewe haoni kosa la uzi siku ya nane." Akaendelea kukunja.

Kwenye mtaa wa Kimya niliuliza nyumba yake, nikaulizwa Kimya ni nani. Miaka sita nimeandika "Kimya" kwenye daftari la sindano, hata mdogo wangu alizoea. Ilibidi niseme, yule mama mshonaji, mwembamba, anayetembea upesi. "Ah, yule anayeimba," jirani alisema, akanionyesha mlango.

Alikuwa anafumua gauni kuukuu la mtu, kwa wembe. Cherehani hana. Hakunikaribisha kukaa, na sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama: kopo, karatasi, hesabu ya vitano, na waya pia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufumua.

"Sindano zangu uliziandika?" aliuliza.

"Zote. Vipande viwili."

"Nilikuomba ufungue daftari. Kwa nini hukufungua?"

Nilikuwa na majibu mengi njiani. Pale mlangoni lilibaki moja. "Kwa sababu nilikudharau," nilisema.

Aliweka wembe chini. "Hilo nalijua," alisema. "Nilitaka kujua kama wewe unalijua."

Kisha akasema, "Mwambie mdogo wako nitakuja Alhamisi. Gauni la watu nimelipokea na lazima nilimalize."

Jumanne, 1 Aprili

Matroni amekuja. Mdogo wangu alimweleza ukweli mzima nami nikiwa nimesimama kando. Matroni aliichukua tupa, akaipitisha mwenyewe juu ya vigauni hamsini. Hakuna kitu. Akachagua kumi, akapapasa kila pindo kwa vidole. Hakuna kitu. Alisema kazi iendelee, shehena kwa shehena, na kila moja ataikagua.

Akiwa mlangoni alinigeukia. "Wewe ndiye wa kopo?"

"Ndiye mimi."

Kicheko hakuweza kujizuia. Tangu mchana ananiita Fundi Kopo. Mimi niliyempa kila mtu jina humu ndani, sasa nami ninalo, na limenikaa sawasawa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imepungua. Amerudi. Aliingia, akasalimia, akakaa. Jina lake nimelipata kwa mdogo wangu na nimeliandika kwenye daftari la sindano, ukurasa mpya. Daftari lenyewe sasa linakaa kwa Kicheko.

Mimi bado nakata, kwa pini zenye vichwa. Mkasi unaziruka, kama nilivyosema. Alaasiri zangu zote sasa nakaa mwisho wa meza ndefu na tupa ya shemeji, kila kigauni kinapita chini yake kabla ya kukunjwa. Hayo ni maagizo ya mdogo wangu, na ni ya haki. Tupa yenyewe ni mbaya, nzito, ina kutu kwenye mkia, na shemeji kaifunga mpini wa kitambaa cha pajama. Inashika kama siku ya kwanza. Nalisema hapa kwa kuwa kwa mdomo sitamwambia, maana ataanza kuzungumza.

Kwenye saa tisa yule mama mshonaji aliinuka kwenye cherehani, akaja na kigauni chake cha kwanza. Uzi wa buluu shingoni. Akakitandaza mbele yangu, akasimama. Nilipitisha sumaku kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, ubavu huu, ubavu ule. Kimya, hakuna tik. Nikakisukuma kando kwenye rundo la vilivyo safi.

Akakirudisha mbele yangu.

"Pitisha tena," alisema.

Nikapitisha tena.